Kumbukumbu za Mkanda Namba 41 na Mwanamke Aliyesimama Mlangoni

UMOJA WA WATAZAMAJI WA VIDEO, KILWA MASOKO
KAMATI YA KUKAGUA MIKANDA

KIKAO CHA KUMI NA NNE, JUMAMOSI TAREHE 16 MACHI 1996, CHUMBA CHA NYUMA CHA DUKA LA GULAMALI

WALIOHUDHURIA
1. Mwl. Stephano Chilumba, mwalimu mstaafu – Mwenyekiti
2. Bi. Restuta Nandonde, mpiga taipu – Katibu
3. Bw. Aqeel Gulamali – Mwenye duka na mikanda
4. Bi. Dilshad Gulamali, mama yake Bw. Aqeel – Mkalimani wa Kihindi na Kiurdu
5. Bw. Bonaventura Likwata, fundi cherehani – Mjumbe
6. Fundi Xaveri Mnali – Mwendesha mashine

ALIYEALIKWA
Bi. Cecilia Nandonde wa Mitole, mama mzazi wa Katibu (aliingia kuanzia KUMB. NA. 5)

WASIOHUDHURIA
Bi. Kudra Mfaume – kwa taarifa, yuko msibani Tingi
Bw. Fidelis Mchopa – bila taarifa, mara ya tatu

KUMB. NA. 1/3/96: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:40 mchana, baada ya kumsubiri Bw. Mchopa na kukata tamaa. Aliwashukuru wajumbe kwa kuja na matope yote haya, akakumbusha kwamba Februari hakikufanyika kikao kwa sababu ya mfungo.

Mwenyekiti alisema kuwa ajenda ya nne na ya tano zinamgusa Katibu na familia yake, hivyo alipendekeza kazi ya kuandika leo ifanywe na Fundi Xaveri. Fundi Xaveri alisema mwandiko wake hata yeye mwenyewe hausomi. Katibu alisema ataandika yeye. Mwenyekiti aliuliza mara ya pili. Katibu alijibu vilevile.

Bw. Likwata aliomba ajenda hizo mbili ziondolewe. Alieleza kwamba kamati iliundwa kukagua filamu za Kihindi, za Kichina na tamthilia za Kipakistani kabla hazijaazimishwa majumbani, siyo kuchungulia mambo ya watu. Bw. Gulamali alijibu kwamba barua kutoka Dubai imekwisha fika, naye hawezi kuifanya kama haikufika. Ajenda zilipita. Bw. Likwata alitaka iandikwe kwamba hakuafiki. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/3/96: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TAREHE 20 JANUARI

Mwenyekiti alitaka kipengele kinachohusu mkanda namba 41 kisomwe chote kwa sauti. Katibu alisoma kama ifuatavyo:

"Mkanda namba 41 ni tamthilia ya Kipakistani, sehemu ya tano hadi ya nane, iliyorekodiwa nyumbani kwa mtu kutoka kwenye televisheni. Umo katika mzigo wa mikanda iliyotumika ambayo Bw. Gulamali aliletewa kutoka Dubai mwezi Desemba. Baada ya sehemu ya saba picha ilikatika, ikaja michirizi, halafu ikatokea sherehe ya nyumbani iliyokuwamo kabla tamthilia haijarekodiwa juu yake. Tarehe iliyoandikwa pembeni mwa picha ni 2/2/1995. Kuna sebule, watu wazima kumi na wawili, keki yenye mshumaa mmoja, na mtoto mdogo kwenye kiti kirefu. Nyuma ya watu kuna mlango wa jikoni ulio wazi. Mlangoni amesimama msichana mweusi mwenye gauni la kazi, ameshika sinia la vikombe. Hakuna anayechukua kikombe. Mtoto mmoja wa kiume alipita mlangoni akikimbia, wala hakumkwepa, na msichana hakutikisika. Mtoto wa kwenye kiti peke yake ndiye aliyekuwa akimtazama, na alikuwa akicheka. Bi. Dilshad alitafsiri maneno ya mwenye nyumba: 'Nani ameacha mlango wa jikoni wazi tena?' Msichana aliitazama kamera, akafumbua midomo. Sauti haikusikika. Sherehe inachukua dakika nne. Katibu alisema kwamba msichana huyo ni mdogo wake, Debora Nandonde, aliyekwenda Dubai kufanya kazi za ndani Julai 1991, na ambaye barua zake zilikoma baada ya Pasaka ya 1993."

Bw. Likwata alitaka neno "msichana" libadilishwe liwe "kivuli cha mtu", kwa kuwa mkanda ulichakaa na macho ya wajumbe yalikuwa yamechoka. Bi. Dilshad alisema ana miaka sitini na minane, miwani yake ni mipya, na aliona msichana. Aliongeza kwamba aliona hata kifungo cha gauni kilichokatika. Kumbukumbu zilithibitishwa bila mabadiliko.

KUMB. NA. 3/3/96: UKAGUZI WA MIKANDA MIPYA

Mwenyekiti alisema kazi za kawaida ziishe kwanza.

Mkanda namba 44, wa Kichina. Mzee mwenye ndevu anafundisha ngumi, anauawa, wanafunzi wake wanalipiza. Fundi Xaveri aliusifu sana. Mwenyekiti alisema hadithi ni ileile ya namba 12, 19 na 30, ila ndevu zimebadilika. Ulipewa alama sita kwa kumi. Usiazimishwe wiki ya mitihani.

Mkanda namba 45, wa Kihindi. Ndugu wawili waliopoteana sokoni wakiwa wadogo wanakutana mahakamani, mmoja hakimu na mwingine mshitakiwa. Bi. Dilshad alilia alipokuwa akitafsiri, kikao kikasimama kidogo. Bw. Likwata alisema filamu za namna hii zinawafanya wake za watu waamini kwamba kila aliyepotea hurudi, na kwamba nyimbo ni ndefu. Ulipewa alama nane.

Tamthilia ya mkanda namba 41. Bi. Dilshad alieleza kwamba ni habari ya mke aliyeolewa katika nyumba ya matajiri, mama mkwe akamnyima hata funguo za kabati la sukari. Alisema waigizaji ni wazuri na hakuna aibu yoyote ndani yake, mtu anaweza kutazama na baba mkwe wake. Mwenyekiti aliuliza kamati itoe alama ngapi. Katibu aliomba alama zisitolewe kwanza. Ombi lilikubaliwa.

KUMB. NA. 4/3/96: YATOKANAYO – BARUA KUTOKA DUBAI

Bw. Gulamali alieleza kwamba, kama alivyoagizwa na kikao cha Januari, aliangalia boksi la mkanda na kukuta karatasi iliyobandikwa yenye jina la familia na namba ya simu. Alimwandikia mjomba wake aliyeko Dubai, ambaye ni mdogo wake Bi. Dilshad, amtafute mwenye namba hiyo. Mjomba aliipata nyumba, akaenda mwenyewe. Majibu yake yalifika Jumanne, yakiwa yameandikwa kwa Kigujarati.

Kabla barua haijasomwa, Fundi Xaveri aliomba kutoa maelezo ya kitaalamu. Alisema tarehe za kamera si za kuaminiwa. Mtu akibadilisha betri asiporekebisha saa, kamera inaandika inachotaka. Yeye amewahi kuona harusi ya Lindi imeandikwa mwaka ambao bibi harusi alikuwa hajazaliwa. Mwenyekiti alimshukuru, akasema maelezo hayo yana faraja. Bw. Gulamali alimtazama mama yake. Mama yake alitazama chini.

Bw. Gulamali aliuliza kama Katibu angependa kuisikia barua pembeni kwanza, peke yake, halafu kikao kiendelee. Alisema, "Dada Restuta, weka kalamu chini kidogo." Katibu alisema barua isomwe kikaoni kwa kuwa iliombwa kikaoni.

Bi. Dilshad aliisoma, akitafsiri mstari kwa mstari. Yaliyomo ni haya:

Kwamba familia ile ilimwajiri Debora kupitia wakala, na ilimpenda. Kwamba mwishoni mwa Oktoba 1993 alishikwa na homa, akapelekwa hospitali, na akafariki tarehe 9 Novemba 1993. Kwamba alizikwa katika makaburi ya Wakristo, kaburi halina jina, lina namba. Kwamba begi lake la nguo na taarifa ya kifo alikabidhiwa wakala, akaahidi kuzifikisha kwa ndugu zake. Wakala huyo hajaonekana tena. Kwamba familia ile ilidhani kwa muda wote huu kuwa ndugu wa marehemu wanajua.

Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wasimame. Walisimama kimya. Katibu alisimama pia, kisha akakaa, akaendelea kuandika.

Fundi Xaveri alisema, kwa sauti ya chini, kwamba basi ndiyo hivyo, sherehe ilikuwa kabla ya Novemba 1993 na saa ya kamera ilikosea. Alisema mtu asijitie hofu bure.

Bi. Dilshad alisema barua haijaisha. Alitafsiri kipande cha mwisho: "Kuhusu mkanda, mama mwenye nyumba anauomba sana. Uliuzwa kwa bahati mbaya pamoja na mikanda mingine. Umo ndani yake mwaka wa kwanza wa mtoto wao wa mwisho, aliyezaliwa miezi mitatu baada ya yule msichana kufariki. Hata jina la msichana mtoto huyu hajawahi kulisikia."

Fundi Xaveri alionekana akihesabu kwa vidole. Mwenyekiti alimwuliza kama ana maelezo mengine ya kitaalamu. Alisema hana.

Bw. Likwata aliomba kutoa hoja. Alisema mkanda ufutwe sasa hivi, deki ipo, dakika nne tu, na mtu asiambiwe. Alisema, "Tukiendelea na jambo hili halitatuacha salama." Mwenyekiti alimwuliza ni nani hasa ambaye halitamwacha salama. Bw. Likwata aliketi.

Katibu aliomba ruhusa ya kutoka nje, kwa kuwa mama yake alikuwa barazani anasubiri kuitwa kuitambua picha, na alikuwa hajui lolote kuhusu barua. Bi. Dilshad alitoka pamoja naye. Walikuwa nje kwa dakika ishirini. Kwa muda huo hakuna kilichoandikwa.

KUMB. NA. 5/3/96: KUTAMBUA PICHA

Bi. Cecilia Nandonde aliingia saa 10:15 alasiri, akiwa ameshikwa mkono na Bi. Dilshad. Wajumbe walimwamkia, naye alimwitikia kila mmoja, "Marahaba, mwanangu." Bw. Likwata alisema, "Pole, dada." Bi. Cecilia alimwitikia pia.

Mwenyekiti alitoa rambirambi za kamati, akamweleza kwamba halazimiki kutazama. Bi. Cecilia alisema ametoka Mitole tangu alfajiri juu ya gari la mahindi kuja kumtazama mwanawe, na hakuambiwa kwamba ukifa hutazamwi.

Fundi Xaveri aliomba muda asafishe kichwa cha deki kwa spiriti ili sauti itoke vizuri zaidi kuliko Januari. Mapazia yalifungwa kwa sababu ya jua. Mkanda uliwekwa, na alama ya kuhesabia kwenye deki ikaandikwa: 1847.

Sherehe ilitokea kama ilivyoelezwa katika KUMB. NA. 2. Msichana alikuwa mlangoni. Mtoto wa kwenye kiti alikuwa akicheka.

Bi. Cecilia alisogeza kiti chake hadi karibu na kioo cha televisheni. Alisema, "Ni Debora." Halafu alisema, "Amekonda."

Mwenye nyumba aliuliza kuhusu mlango. Mtoto wa kiume alipita akikimbia. Msichana aliitazama kamera na kufumbua midomo, na safari hii sauti ilisikika, ndogo, chini ya muziki, kama mtu anayesemea chumba cha pili. Wajumbe wote wanakubaliana kwamba ilisikika. Haikuwa Kiurdu wala Kiswahili. Wengi hawakuyashika maneno. Bw. Gulamali, ambaye ana masikio mazuri na hajui Kimakonde hata neno moja, aliyarudia kama alivyoyasikia, herufi kwa herufi, mfano wa mtu anayesoma namba.

Mwenyekiti, aliyelelewa Lindi mjini, alisema anayajua machache tu. Alimwomba Bw. Likwata, mtu wa Newala, atafsiri. Bw. Likwata alikuwa amekwisha simama na mkono wake ulikuwa kwenye komeo la mlango. Alisema hakusikia.

Bi. Cecilia alisema, "Kaa, Bonaventura. Nimesikia mimi." Alitafsiri mwenyewe, bila haraka: "Anasema, mwambieni mama asinifunikie chakula tena."

Mwenyekiti aliuliza maana yake. Bi. Cecilia alimwelekeza kwa Katibu. Katibu aliulizwa. Katibu alieleza kwamba tangu Debora alipoondoka, mama yake humpakulia kila jioni, akafunika sahani na kuiweka juu ya meza, na asubuhi huwapa kuku. Alisema jambo hilo halijawahi kuandikwa katika barua yoyote, kwa sababu mama aliona haya, na nyumbani hakuna mwingine anayelijua isipokuwa Katibu mwenyewe.

Mkanda ulikuwa umefika kwenye tamthilia, mama mkwe akifunga kabati la sukari. Mwenyekiti aliagiza usimamishwe.

Bw. Likwata aliomba kusema. Mwenyekiti alimruhusu. Alisema kwamba mwaka 1991 wakala alipofika Masoko kutafuta wasichana, alishonesha suti kwake, na ni yeye Likwata aliyempeleka Mitole. Ni yeye pia aliyejaza fomu za pasipoti. Debora alikuwa na miaka kumi na saba. Wakala alitaka asiyepungua ishirini na mbili. "Nikamwandika alizaliwa sitini na tisa," alisema. "Nilimwongeza miaka mitano kwa kalamu ya bluu, hapohapo kwenye meza yangu ya kukatia nguo. Tangu Januari nikikaa kwenye cherehani namwona mlangoni kwangu na sinia. Sisemi ni yeye. Nasema namwona."

Katibu alitaka kujua kwa nini hakusema miaka yote mitano, ilhali wanakaa kamati moja. Bw. Likwata alisema kila alipotaka kusema, Katibu alikuwa akimwuliza kama gauni lake limekuwa tayari, naye akaona si wakati wake.

Bi. Cecilia alimwuliza, "Alilia, ulipomwandika?"

Bw. Likwata alijibu, "Hapana, dada. Alicheka. Alisema leo nimekuwa mtu mzima bila kusubiri."

Bi. Cecilia alisema ndivyo alivyokuwa. Alikigeukia kioo kilichokuwa kimesimama kwenye picha ya kabati, akasema kwa Kimakonde maneno ambayo Katibu ameyasikia na kuyaelewa: kwamba amesikia, kwamba hatafunika tena, na kwamba aweke hilo sinia chini apumzike, vikombe vya watu wataviosha wenyewe.

Bi. Dilshad, ambaye hakuelewa maneno, aliitikia, "Amin."

KUMB. NA. 6/3/96: KUTAZAMA MARA YA PILI

Mwenyekiti alisema kwamba kwa kuwa jambo hili ni zito na wengine watakuja kuuliza, mkanda utazamwe tena kwa ajili ya ushahidi, kila mjumbe aangalie sehemu moja na kusema alichoona. Bw. Likwata ndiye aliyepangiwa mlango. Alikubali.

Fundi Xaveri aliurudisha mkanda hadi 1847.

Bw. Gulamali, aliyepangiwa keki, alisema keki ipo na mshumaa mmoja. Mwenyekiti, aliyepangiwa watu wazima, alihesabu kumi na wawili. Bi. Dilshad, aliyepangiwa maneno, alisema wanaongea mambo ya hali ya hewa na bei ya dhahabu. Mtoto wa kiume alipita akikimbia, lakini alipofika nyuma ya watu aligeuza njia, kwa sababu mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa.

Mwenye nyumba hakuuliza chochote kuhusu mlango.

Mtoto wa kwenye kiti alikuwa akiutazama mlango uliofungwa. Hakuwa akicheka. Alipunga mkono kama watoto wanavyofundishwa kumpungia anayeondoka.

Bw. Likwata alisema, "Hayupo." Alilisema mara tatu. Mwenyekiti alimwambia mara moja inatosha.

Fundi Xaveri alitoa mkanda kwenye deki na kuuonyesha kwa wajumbe wote. Alieleza kwamba mkanda haubadiliki mpaka urekodiwe upya, na kwamba kile kipande cha plastiki cha kuruhusu kurekodi kilikwisha vunjwa huko ulikotoka, hivyo deki yoyote ingeukataa. Alisema pia kwamba mkanda haukutoka mikononi mwake na kwamba alama ya kuhesabia ilikuwa ni ileile. Aliomba maneno yake yaandikwe hivyo hivyo, kwa sababu yeye ni fundi na ana jina la kulinda.

Wajumbe walitazama mara ya tatu kwa ombi la Bw. Gulamali. Mlango ulikuwa umefungwa.

Mapazia yalifunguliwa. Bi. Dilshad aliagiza chai kutoka nyumbani. Wakati wa chai kikao hakikusimamishwa rasmi, ila hakuna aliyezungumza ajenda.

KUMB. NA. 7/3/96: MAAZIMIO

(a) Mkanda. Mwenyekiti alieleza kwamba yapo mapendekezo mawili: kumpa Bi. Cecilia mkanda, au kuurudisha kwa wenyewe kama walivyoomba. Pendekezo la Bw. Likwata la kuufuta aliliondoa mwenyewe. Bw. Gulamali alisema mkanda ni mali yake kwa kununua, naye yuko tayari kumpa Bi. Cecilia. Bi. Cecilia alisema, "Urudishwe. Mama wa mtoto yule anautaka kama mimi nilivyokuwa namtaka wangu. Mimi nimekwisha mwona." Iliazimiwa urudishwe, upelekwe mkononi na mtu anayesafiri, usipitie posta. Mkanda namba 41 hautapewa alama, wala maoni ya kamati juu yake hayatabandikwa mlangoni mwa duka. Namba 41 isitumiwe kwa mkanda mwingine.

(b) Kaburi. Iliazimiwa Bi. Dilshad amwandikie mdogo wake aombe jiwe liandikwe jina: Debora Nandonde. Bw. Likwata aliomba liandikwe alizaliwa mwaka 1974. Alisema makaratasi yote ya kule yanasema 1969, hivyo ataandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe na kuweka sahihi, hata kama yatamletea matatizo. Katibu aliafiki. Ni mara ya kwanza Katibu na Bw. Likwata kuafikiana katika kamati hii.

(c) Msiba. Bi. Cecilia alisema msiba utawekwa Mitole kuanzia kesho, padri ataombwa kwa ajili ya misa, na watu wa Miteja wapelekewe habari kwa kuwa ni upande wa baba wa marehemu. Bw. Likwata aliuliza kama anaweza kufika. Bi. Cecilia alisema wazee watakuwa na maswali kuhusu ule mwaka 1991, na yeye hawezi kuyajibu, kwa hiyo afike, tena akae mbele. Bw. Likwata alisema atakuja. Bw. Gulamali alijitolea gari la duka kuwapeleka wote.

(d) Katibu. Mwenyekiti alipendekeza Katibu apumzike vikao viwili. Katibu alisema kimoja kinatosha.

KUMB. NA. 8/3/96: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye la ziada. Fundi Xaveri alisema kwamba yeye leo atalala kwa dada yake.

Bi. Cecilia aliuliza kama yote yaliyosemwa humu ndani yanaandikwa. Katibu alijibu kwamba yote, isipokuwa ya barazani. Bi. Cecilia aliomba asomewe lile la mlango. Katibu alimsomea KUMB. NA. 6. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema kwamba yameandikwa ya mlango na ya mashine, lakini haikuandikwa Debora alifanya nini.

"Andika kwamba alikuja kuaga," alisema. "Mlango aliufunga mwenyewe."

Mwenyekiti aliwauliza wajumbe kama kuna pingamizi. Hapakuwa na pingamizi. Imeandikwa.

Kikao kilifungwa saa 11:50 jioni. Wajumbe waliondoka pamoja.

........................................
Mwl. Stephano Chilumba
MWENYEKITI

........................................
Restuta Nandonde
KATIBU